Tabasamu la Marehemu

Mimi nimemuua Yim Kam-shing mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote hapa Kowloon. Nimemchoma visu, nimemtoboa kwa risasi, nimemchora alama ya waya shingoni, na safari moja nilimpaka ukijani uso mzima kwa sababu muswada ulisema amelishwa sumu kwenye supu. Kazi yangu ni vipodozi vya filamu, na kwenye filamu za taharuki vipodozi maana yake ni damu. Naichemsha mwenyewe: sukari, maji, rangi nyekundu ya chakula, na tone la sosi ya soya ili isiwe nyekundu ya keki. Shing alikuwa anaipenda. Ikimfikia mdomoni alikuwa anailamba, hata akiwa maiti, na mimi nikawa namgombeza kwamba maiti halambi.

Kama ulitazama filamu zetu za miaka ile, umemwona usimjue. Ni yule mlinzi anayesikia kishindo huko chini na badala ya kukimbia anachukua tochi, anashuka, anauliza, "Nani hapo?" Ni yule anayepiga simu kusema anamjua muuaji ila hawezi kumtaja kwenye simu, tukutane. Ni yule polisi mzee anayetoa picha ya binti yake na kusema kesho anastaafu. Watu wakimwona tu waliacha kutafuna bisi wakaambiana, "Huyu kwisha habari yake." Alikuwa na uso wa duara, masikio makubwa, macho ya upole, mtu ambaye ungemwachia funguo za nyumba yako ukasafiri. Taharuki inamtaka mtu kama huyo afe mapema ili ujue muuaji hana utani. Akifa mtu mwenye sura mbaya nani atajali?

Aliingia kazini kwa bahati. Alikuwa mhudumu wa mkahawa, akaletwa studio na chai ya maziwa, na siku hiyo aliyepangwa kuwa maiti alikuwa hajatokea. Mke wa mtu huyo alikuwa mjamzito na amemkataza. Mwongozaji akamtazama huyu bwana wa chai.

"Wewe, unaweza kulala sakafuni usitikisike?"

"Mbona hiyo ndiyo kazi ninayoiweza," Shing alijibu. "Bosi wangu ananifokea kila siku kwa sababu hiyo."

Akalala. Akafa vizuri kuliko walioisomea.

Kwetu mtu akiigiza maiti anapewa bahasha nyekundu yenye pesa kidogo, mkosi usimfuate nyumbani. Halafu kuna jambo la pili, ambalo siku hizi wengi hawana subira nalo. Kabla kamera haijazimwa, maiti afumbue macho, aitazame lenzi, atabasamu. Wazee wa kazi wanasema kamera ikizimwa ungali umekufa, imeondoka na picha yako ya mwisho. Basi unatabasamu, ndipo kamera inazimwa, na kipande kile kinatupwa kwa sababu hakuna anayekihitaji. Waigizaji wa sasa wanachukua bahasha na kukimbilia basi. Shing hakuliruka tabasamu hata mara moja, na sababu yake ilikuwa mama yake.

Mama Yim alifanya kazi kiwanda cha maua ya plastiki, San Po Kong, tangu Shing akiwa mtoto wa mgongoni. Mumewe alikuwa fundi wa majukwaa ya mianzi ya ujenzi. Asubuhi moja akaanguka. Mama Yim alipofika hospitali alimkuta amelazwa chini ukumbini, vitanda vimejaa, macho yamefumba. Akamwita aamke, sakafu ina baridi. Hakuamka. Hiyo ndiyo habari nzima ya ndoa yake, na aliisimulia mara moja tu mbele yangu, akiwa anamenya mbaazi, bila kuacha kumenya.

Sasa fikiria mwanamke huyo anakwenda sinema ya Yau Ma Tei na majirani zake wa Shek Kip Mei, wote wamevaa vizuri, kumtazama mwanawe kwenye filamu yake ya kwanza. Gari linaingia gereji. Taa inapepesa. Paka anaruka, watu wanapiga kelele, wanacheka kwamba kumbe ni paka. Mara tunamwona Shing sakafuni, chali, damu imemjaa kifuani. Mama Yim akasimama.

"Ah-Shing! Ah-Shing! Amka mwanangu, sakafu ina baridi!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Shing mwenyewe alikuwa amekaa pembeni yake, akamvuta mkono. "Mama, mimi niko hapa."

"Nyamaza wewe, namwita yule!"

Walitoka kabla filamu haijafika nusu. Nyumbani Mama Yim alipika wali kwanza. Ndipo alipomuuliza kama alifanya desturi.

"Ulitabasamu?"

"Nilitabasamu, mama."

"Mbona sikuona?"

"Wanakata. Hicho kipande huwa hakionyeshwi."

"Yaani wanaonyesha mtoto wa watu amekufa, halafu anapoamka wanakata?" Mama Yim aliweka bakuli chini kwa kishindo. "Wajinga wakubwa hao. Mimi sinema sikanyagi tena."

Na hakukanyaga. Ikawa ndiyo salamu yao miaka yote. Shing akiingia mlangoni, mama anauliza kutoka jikoni: "Leo umekufa?" Nimekufa. "Umetabasamu?" Nimetabasamu. "Sijaona mimi," anasema, anamwekea supu. Nilizoea kwenda kula kwao, na mara ya kwanza nilipoyasikia hayo nilidhani wamerukwa na akili, wote wawili.

Usije ukamhurumia Shing. Sijaona mtu aliyeridhika na maisha yake kama yule. Siku ambazo hapakuwa na filamu alikuwa mlinzi kweli wa jengo moja la Mong Kok, na wapangaji walimpenda. "Mzee, bado unapumua?" walimtania wakipita na mikoba ya sokoni. Naye alikuwa akiwajibu, "Leo zamu yangu ya uhai." Alikuwa na redio, mti wa mchungwa mdogo kwenye chungu, na kiti ambacho hakuna mlinzi wa filamu aliyewahi kupewa, kwa sababu kiliutazama mlango. Walinzi wa filamu wote wanaupa mlango mgongo. Lazima, la sivyo muuaji ataingiaje?

Kisha Mama Yim akakaribia themanini. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na daktari alisema kwa umri ule ataona kwa kupungua tu, mpaka asione kabisa. Karamu ilianza kupangwa miezi mingi kabla, bata wa kuoka na tambi ndefu za siku ya kuzaliwa. Shing akamuuliza mama yake anataka zawadi gani. Nilikuwepo. Nilitegemea atasema kiti cha kukandia miguu, maana alikuwa amekiongelea mwaka mzima.

"Nataka kukuona ukiamka," alisema. "Kule kwenye ukuta mkubwa. Si kila siku unasema unaamka? Nikuone mara moja kabla macho hayajafunga duka."

Shing alicheka, halafu akaona mama yake hacheki.

Akaanza kuzunguka ofisi za filamu akitafuta nafasi ya mtu anayebaki hai. Walimcheka machozi yakawatoka. "Kaka Shing, wewe ukifika mwisho wa filamu watu watadhani mashine imeharibika." Mwongozaji mmoja alimhurumia akampa nafasi ya mkuu wa polisi, mtu wa kukaa ofisini na kumfokea mpelelezi kwamba amemwondoa kwenye kesi. Mkuu wa namna hiyo huwa hafi. Shing alishona hadi suti. Siku ya tatu muswada ukabadilishwa, mkuu akapigwa risasi akiwa anafungua dirisha. Nilimpaka damu kwenye ile suti mpya, nimekasirika. Yeye ndiye aliyenibembeleza.

"Basi, Dada Ling. Inafulika."

"Kafue kichwa chako," nilimwambia. "Mtu gani hakasiriki?"

Ndipo akaja Fung Chi-lok. Alikuwa mwongozaji kijana, amezaliwa hapa akakulia Kanada, Kikantoni chake kizuri ila kimenyooka mno, kama kimepigwa pasi. Filamu yake ilikuwa ya muuaji anayewamaliza wapangaji wa jengo moja, na mlinzi wa jengo anakufa dakika za mwanzo kabisa, kabla hata jina la filamu halijatokea. Unajua nani aliitwa. Shing alikubali. Alikuwa ameshakata tamaa ya zawadi, na alianza kuulizia bei ya kiti cha kukandia miguu.

Tulipiga kipande chake To Kwa Wan, mchana wa jua kali, vitambaa vyeusi vimefunika madirisha ili kuwe giza. Kamera ilikuwa mikononi mwa Mzee Pau, mtu mzito wa maneno, aliyemjua Shing tangu siku za chai ya maziwa. Kila kitu kilikwenda inavyokwenda. Shing anakula tambi, mgongo kwa mlango. Taa inapepesa. Simu ya mezani inaita, anapokea, hakuna anayeongea. Anachukua tochi. "Nani hapo?" Kisu. Anaanguka mbele ya lifti, nami nikakimbia na sufuria langu nikamimina, nikachomoka.

Tabia ya Fung, tulikuja kuijua baadaye, ilikuwa kutosema "kata". Aliacha kamera inazunguka, anatazama. Mzee Pau hakuwa na haraka; alijua kuna kitu bado. Shing akalala pale. Akalala. Kisha, kama siku zote, akafumbua macho taratibu, akaitazama lenzi, akatabasamu.

Fung alikuwa ameinamia kioo chake kidogo kinachoonyesha picha ya kamera, kikombe cha kahawa mkononi. Aliruka nyuma, kahawa yote ikamwishia kwenye suruali.

"Kata! Kata!" Uso umemwiva. "Nani kamwambia afanye vile?"

Kwetu tulimjua mwongozaji mgeni asiyejua mila: atafoka, atamfukuza mtu. Shing akainuka haraka, damu inamtiririka kwenye kidevu, akainama mara mbili tatu.

"Samahani sana, Dairekta. Ni desturi tu. Mnakitupa hicho kipande, hakionekani."

"Desturi gani?"

"Ukifa lazima utabasamu. Kamera ijue uko hai."

"Kamera ndiyo ijue?"

"Kamera..." Shing akajifuta kidevu. "Kusema kweli, Dairekta, ni mama yangu. Mama ndiye anayetaka kujua. Huwa ananiuliza nikirudi."

Fung aliweka kikombe chini. Suruali yake ilikuwa inatoa mvuke. "Nywele zangu zimesimama mpaka sasa," alisema, akatuonyesha mkono. "Rudia."

Nikamimina tena. Shing akafa tena, akafumbua macho, akatabasamu. Hata mimi niliona si lenyewe. Lilikuwa tabasamu la mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Hapana," Fung akasema. "Lile la kwanza lilikuwa la nani?"

"La mama."

"Na hili?"

Shing aliona haya. "Hili la kwako, Dairekta."

Fung akacheka, mara ya kwanza tangu tuanze kazi. "Basi langu lifute. Tunabaki na la mama."

Hakusema analifanyia nini. Ila alituita wote akatuapisha: mtu yeyote asitoe habari ya mwisho wa filamu nje ya pale, hata kwa mke, hata kwa mama mzazi. Filamu ya taharuki mwisho wake ukijulikana ni uji uliopoa. Na mwisho wenyewe hatukuujua. Shing akaitwa siku nyingine mbili kupigwa vipande asivyovielewa: anamwagilia mchungwa, amesimama ndani ya lifti amegeuka ukutani, anampa paka mabaki ya samaki. Kila akiuliza anaambiwa ni vya kujazia. Kisha tukasikia mwenye filamu hapendi, anataka iishe kwa muuaji kukamatwa na jua kuchomoza, watu waende nyumbani kwa amani. Mzee Pau alimuuliza Fung moja kwa moja kama tabasamu limebaki. Fung akamjibu, "Leo limebaki. Kesho sijui."

Filamu ilitoka wiki ya karamu ya Mama Yim. Shing alikuja kwangu na uso ambao sikuwahi kumpaka.

"Nimpeleke au nisimpeleke?"

"Swali gani hilo? Mpeleke."

"Ikiwa wamekata? Mama ataniona nimekufa tena, anasubiri, anasubiri, taa zinawaka. Ana miaka themanini, Dada Ling. Hatakubali kurudi, na hata akikubali hataona. Hiyo ndiyo picha atakayobaki nayo."

Mimi nikiogopa huwa nafoka. "Utajua usipokwenda? Mpeleke! Mimi nitakaa huku, wewe kule, tumbane katikati kama mfungwa."

Mama Yim alikuwa anafuta meza Shing alipomwambia. Hakuacha kufuta.

"Utaamka?"

"Sijui, mama."

"Hujui wewe mwenyewe?"

"Sijui. Wanaweza kuwa wamekata."

Alikamua kitambaa. "Haya. Angalau leo hujanipa maneno ya kunituliza." Akaenda kutoa koti lake jekundu.

Tulikwenda Mong Kok, maonyesho ya alasiri. Ukumbi ulijaa vijana. Mama Yim alikaa wima, mkoba mapajani, bangili yake ya jiwe la jade inagonga mkono wa kiti. Shing alikuwa mweupe kuliko nilivyowahi kumpaka.

Tambi. Taa. Simu. "Nani hapo?" Kisu.

Mama Yim hakusimama safari hii. Alinishika kifundo cha mkono, kucha zikaingia. Kwenye skrini damu yangu ilisambaa taratibu mbele ya lifti, na lazima nikiri ilikuwa damu nzuri, lakini nilitamani nisingekuwa nimeitengeneza. Kamera ikapanda juu. Jina la filamu likatokea.

"Hajaamka," alisema.

"Subiri kidogo, mama."

"Nasubiri nini? Wameshaondoka wamemwacha. Twende."

"Mama, tayari tumeshakaa," Shing akanong'ona. "Viti vyenyewe vizuri."

Nikamtia Mama Yim plamu kavu mkononi. Alikaa, nadhani kwa sababu mdomo ulikuwa na kazi. Halafu, taratibu, filamu ikamshika. Nilijua imemshika alipoanza kuongea nayo.

"Huyo daktari wa ghorofa ya tano anachekacheka sana. Ndiye."

"Mama, polepole."

"Binti anapiga simu. Haitapatikana." Simu ikazima. "Si unaona? Sasa anafungua kabati. Paka huyo." Paka akaruka, ukumbi ukapiga yowe, Mama Yim akatema kokwa kwenye kiganja bila wasiwasi.

Vijana wa mbele waligeuka. "Bibi, umeshaiona hii?"

"Sijaiona. Ila nimezaliwa zamani."

Binti akakimbilia gari, gari likakataa kuwaka. "Magari ya filamu hayana mafundi?" Muuaji anatembea kwa miguu, binti anakimbia, na bado anamfikia. "Mwanangu, huyo mtu ana njia ya mkato." Wale vijana wakawa hawatazami tena skrini bila kumsikiliza yeye kwanza. Kila akibashiri, wananong'onezana. Hata Shing alianza kutabasamu gizani, na mimi nikafikiri, sawa, hata wakiwa wamelikata, angalau amefurahi.

Daktari ndiye, bila shaka. Wakamkamata juu ya paa, mvua inanyesha, polisi wamechelewa kama kawaida yao ya kwenye filamu. Kukapambazuka. Muziki ukapoa. Binti akashuka kwa lifti na begi lake, anahama. Pale chini kuna mlinzi mpya, na ukutani nyuma yake wametundika picha ya mlinzi wa zamani, udi mmoja unafuka mbele yake.

Picha ya Shing. Picha ya msiba.

Mkono wa Mama Yim ukalegea juu ya wangu. Binti aliinamia ile picha, akatoka nje kwenye jua, mlango wa kioo ukajifunga. Skrini ikawa nyeusi. Watu wakaanza kuokota mikoba.

"Basi," Mama Yim alisema. "Ndiyo hivyo." Alianza kujiinua. Shing alikuwa ameinamisha kichwa, hakuweza kumtazama. Nilimtukana Fung Chi-lok kimoyomoyo, yeye na Kanada yake.

Kisha skrini ikarudi. Hakukuwa na muziki. Ilikuwa ile sakafu ya mwanzo, mbele ya lifti, na Shing amelala kwenye damu yangu. Kamera imetulia, haifanyi lolote. Inatazama tu. Mtu mmoja akasema, "Kuna nini?" Mtu mwingine akamwambia anyamaze.

Shing akafumbua macho. Akatutazama. Akatabasamu.

Sijawahi kusikia yowe kama lile. Bisi ziliruka juu. Kijana wa mbele yetu alimkumbatia rafiki yake, wakaanguka wote wawili kati ya viti. Msichana mmoja alikuwa anapiga kelele mfululizo, "Yu hai! Yu hai!" na katikati ya hofu yote ile Mama Yim alikuwa amesimama na koti lake jekundu, mikono juu, anacheka.

"Eeeh! Ah-Shing! Haya inuka basi, sakafu ina baridi!"

Hakuna aliyemcheka safari hii. Hawakuwa na nafasi ya kucheka. Uso wa Shing ulijaa ukuta mzima, masikio yale yamefika pembe kwa pembe, na jinsi Fung alivyokiacha kipande kile, kilidumu muda mrefu kuliko ninavyokumbuka tulipokipiga. Shing alikuwa analia bila aibu.

"Mama," alimvuta mkono. "Mama, niko hapa."

"Nyamaza kwanza," Mama Yim alimwambia, hakugeuka. "Namtazama yule."

Alimtazama mpaka taa zikawaka.

Watu walibishana sana baadaye kuhusu mwisho ule: kwamba mlinzi ndiye aliyemtuma daktari, kwamba ni mzimu, kwamba hakufa kabisa na atarudi. Wapangaji wa Mong Kok walikwepa kupanda lifti na Shing wiki nzima. Fung akiulizwa anainua mabega, na mimi nimekunywa naye chai mara nyingi na sijamwuliza. Alasiri ile, kwenye mlango wa ukumbi, wale vijana walimtambua Shing na wakarudi nyuma hatua mbili, halafu mmoja akajikaza akaomba kupiga naye picha. Mama Yim akajiingiza katikati. "Huyu wangu," aliwaambia.

Karamu ilikuwa kesho yake. Majirani wote walikuja, na Mama Yim aliisimulia filamu tangu mwanzo, kiapo cha Fung kikaishia pale. Tambi ndefu zilikuja. Bata akaja. Alipotulia, alimgeukia mwanawe.

"Na zile nyingine? Zote ulizokuwa ukiniambia?"

"Zote, mama."

"Ulitabasamu hivyohivyo?"

"Hivyohivyo."

Mama Yim alichukua paja la bata kwa vijiti vyake, akalifikisha kwenye bakuli la Shing.

"Basi nimeziona zote," alisema. "Kula."